Mali Bila Daftari: Michezo ya Televisheni Iliyofutwa na Funzo Lake kwa Visiwa Vyetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu tunapolitamka neno hili huwa fikra zetu zi juu ya duka, shamba la mikarafuu au sanduku la fedha. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba sauti ya mwananchi, sura yake, kicheko chake na jawabu aliyoitoa mbele ya hadhara navyo ni mali. Tena mali hii hupotea kwa wepesi kuliko karafuu. Kwani karafuu ikipungua ghalani mwenyewe hupiga kelele, lakini ukanda wa televisheni ukifutwa hapana anayeshtuka.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, pamoja na viongozi wa Serikali wenye dhamana ya habari na utamaduni, juu ya jambo lililotokea mbali na hapa, nchini Marekani. Huko, kuanzia mwaka 1971, mamia ya vituo vya televisheni vya miji vilijazwa michezo ya chemsha bongo na ya kubahatisha, iliyonunuliwa kituo kimoja kimoja na kuonyeshwa jioni kabla ya vipindi vikubwa. Mamilioni ya watu waliitazama. Kisha sehemu kubwa ya michezo hiyo ikatoweka, wala si kwa moto wala kwa vita, bali kwa mikono ya wale wale walioitengeneza.

Huenda akatokea mtu akatuuliza: sisi na michezo ya Wamarekani, wapi na wapi? Jawabu yetu ni fupi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Habari hii ina mafunzo mawili, moja kwa watunga sheria na jingine kwa watunza kumbukumbu, na yote mawili yanatugusa sisi watu wa Visiwani kuliko tunavyodhani.

SHERIA NJEMA, MATOKEO MENGINE

Ili jambo lenyewe lifahamike, yafaa kwanza kurejea nyuma. Mwaka 1955 shirika la CBS lilianza kuonyesha mchezo ulioitwa The $64,000 Question, na nchi nzima ikashikwa na homa ya chemsha bongo. Haukupita muda ikabainika kuwa baadhi ya michezo ya namna hiyo ilikuwa ya kupangwa, na kwamba washindani walipewa majawabu mapema. Mwezi wa Novemba 1959, Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyejizolea sifa katika mchezo wa Twenty One, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba naye alishiriki katika udanganyifu huo. Mwaka 1960 Bunge likapitisha sheria ya kufanya kosa la jinai tendo la kupanga matokeo ya mashindano ya namna hiyo. Michezo haikufa, bali ilijiinamia. Ikabaki kuwa burudani ya mchana, yenye zawadi za kiasi, ikitazamwa na mama wa nyumbani, wazee na wagonjwa.

Katika miaka hiyo mashirika matatu makubwa, yaani ABC, CBS na NBC, ndiyo yaliyoshika hatamu za televisheni ya Marekani. Vituo vya miji, ijapokuwa vilikuwa na wenyewe, vilipokea vipindi kutoka makao makuu ya mashirika hayo usiku kucha. Tume ya Mawasiliano ya Serikali Kuu iliona kwamba hali hiyo inaua sauti za miji. Kwa hiyo mwaka 1970 ilipitisha kanuni iliyoanza kutumika katika msimu wa vuli wa mwaka 1971. Kanuni ilisema kwamba katika miji 50 mikubwa zaidi, kituo kisipokee kutoka kwa mashirika hayo vipindi vya zaidi ya saa tatu katika saa nne za jioni zenye watazamaji wengi. Baadaye kidogo ikaongezwa kwamba saa hiyo iliyoachwa wazi isijazwe kwa marudio ya vipindi vya zamani vya mashirika yale yale.

Nia ya watunga kanuni ilikuwa njema mno. Walitaraji kwamba nafasi ile ingechukuliwa na vipindi vya mahali: habari za mji, mijadala ya wananchi, tamthilia za vijana wa hapo, muziki wa hapo. Kwa maneno mengine, walitaka kila mji ujione katika kioo chake.

Lakini kanuni ilitoa muda, haikutoa fedha. Kituo cha mji kilipokaa na kupiga hesabu, kiliona kuwa kutengeneza nusu saa ya tamthilia au ya uchunguzi kila jioni kunahitaji waandishi, wapiga picha, mafundi na gari, na huenda wenye matangazo ya biashara wasivutiwe. Hapo ndipo wafanyabiashara wa vipindi walipobisha hodi. Bidhaa waliyoileta ilikuwa michezo. Mchezo wa televisheni ni kitu rahisi kukitengeneza: jukwaa moja, msimamizi mmoja mwenye ulimi mwepesi, washindani wasiolipwa mshahara, na zawadi ambazo mara nyingi zilitolewa na viwanda ili jina la bidhaa zao litajwe. Vipindi vitano viliweza kurikodiwa kwa siku moja. Msimamizi hubadilisha koti, watazamaji hupumzika kidogo, na hapo Jumatatu imekwisha na Jumanne imeanza.

Hivyo ndivyo saa iliyokombolewa kwa ajili ya wenyeji ilivyouzwa kwa wageni. Let's Make a Deal ya Monty Hall na Hollywood Squares zilipata matoleo ya jioni mwaka 1971. The Price Is Right ikafuata mwaka 1972, Name That Tune mwaka 1974, Match Game PM mwaka 1975, na Family Feud mwaka 1977. Kituo kiliweza kuweka mchezo tofauti kila siku ya wiki, mithili ya mama anayebadilisha mboga ili watoto wasichoke, lakini wali ni ule ule.

Hatusemi haya kwa dharau. Michezo mingine ilikuwa ya kupendeza, na mtu aliyetoka kazini amechoka ana haki ya kucheka. Tunalolisisitiza ni kwamba sheria iliyokusudia kuinua ubunifu wa mahali iliishia kuneemesha bidhaa ya bei nafuu kutoka kwingine, kwa sababu mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba hakuwezeshwa kupika. Kanuni hiyo ilidumu robo karne. Tume iliamua kuifuta mwaka 1995, na ikakoma kutumika mwaka 1996.

KANDA ZILIZOSAFIRI KWA BAISKELI

Jambo la pili linalohitaji kufahamika ni namna vipindi hivyo vilivyosafiri. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 hapakuwa na setilaiti ya kuvirusha kwa vituo vyote kwa pamoja. Mchezo ulirikodiwa katika ukanda mpana wa inchi mbili, mzito, wa aina iliyotolewa na kampuni ya Ampex mwaka 1956, kisha zikatengenezwa nakala chache. Nakala moja ilipelekwa katika kituo cha mji wa kwanza; kituo kikishaionyesha huifunga katika sanduku na kuituma kwa mji wa pili; na wa pili kwa wa tatu. Desturi hii wenyewe waliipa jina la baiskeli. Kipindi kilichoonekana mji mmoja mwezi wa Oktoba kiliweza kuonekana mji mwingine mwezi wa Novemba. Mkaazi wa kisiwa haoni ajabu hapo. Nasi tuliishi na magazeti yaliyofika na meli, na barua zilizosubiri upepo.

Na tukitaja visiwa, haifai tuipite Hawaii. Visiwa vile viko maelfu ya kilomita kutoka pwani ya Marekani, na kwa miaka mingi vipindi vya mashirika makubwa vilifikishwa huko kwa ndege na kuonyeshwa wiki moja baadaye. Mwaka 1975 mambo yakageuka: mchezo ukatengenezwa kisiwani na kupelekwa bara. Uliitwa The Diamond Head Game, kwa jina la mlima mashuhuri wa Honolulu, ukisimamiwa na Bob Eubanks na kurikodiwa katika hoteli ya Kuilima, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu. Mshindani aliyefika mwisho aliingizwa ndani ya kibanda cha kioo kilichoitwa volkano, noti zikapeperushwa kwa upepo wa mashine, naye akazidaka na kuzitia mfukoni. Kisha msimamizi alizitoa moja moja, na mshindani akaambiwa aamue aendelee au atosheke. Noti ya dola moja ikitokea, amekosa fedha zote alizokwisha kuzikusanya.

Mchezo huo haukumaliza hata mwaka mmoja. Si mashuhuri, wala hatudai kwamba ulikuwa johari ya sanaa. Lakini mtu anayetaka leo kuona jinsi kisiwa kile kilivyouzwa kwa watalii katika mwaka 1975, watu walivyovaa, walivyoongea, na jinsi mandhari ya nyumbani kwa watu ilivyogeuzwa pazia la mchezo wa wageni, angepata humo ushahidi ambao hakuna ripoti ya wizara inayoweza kuutoa. Ni sehemu ndogo tu ya vipindi hivyo inayoonekana leo.

Palikuwa pia na michezo iliyokuwa ya mahali kweli kweli. Mmoja uliitwa Dialing for Dollars. Mtindo wake ulianza katika redio mjini Baltimore mwaka 1939, na baadaye televisheni ikaurithi. Kila kituo kilichonunua haki ya mtindo huo kiliweka msimamizi wake, mtu wa mji huo, anayejulikana sokoni na kanisani. Alichagua nambari kutoka kitabu cha simu cha mji, akapiga, na aliyepokea akijua neno la siku hiyo hupata fedha. Asipojua, fedha huongezwa kwa siku ya pili. Mchezo huo ulienea hata mwimbaji Janis Joplin akautaja katika wimbo aliourikodi mwaka 1970, siku chache kabla ya kufariki kwake. Lakini vipindi vyenyewe, simu zile za watu wa kawaida walioshtuka jikoni mwao, zilipeperuka hewani na kwisha. Vituo vilivionyesha moja kwa moja, au vilivirikodi na kurikodi tena juu yake.

KWA NINI ZILIFUTWA

Sababu ya kufuta haikuwa uadui. Ilikuwa hesabu. Ukanda wa saa moja wa inchi mbili uligharimu mamia ya dola, nao ukiweza kutumika tena mara nyingi. Rafu za kuhifadhia zilihitaji nafasi na kodi. Hapakuwa na vidio za nyumbani za kuuzia nakala, wala mtu hakudhani kwamba yupo atakayetaka kutazama tena mchezo ambao mshindi wake keshajulikana. Karani aliyeamrishwa kuzifuta kanda aliokoa fedha za mwajiri wake, na katika daftari la mwaka ule alistahiki sifa.

Tazameni hasara iliyofuata. Jeopardy! ya mwanzo, iliyosimamiwa na Art Fleming katika NBC kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, ilikuwa na vipindi zaidi ya 2,700. Vilivyosalia vinahesabika kwa makumi tu. Na huo ulikuwa mchezo mashuhuri wa shirika tajiri. Basi ile ya vituo vidogo ilikuwaje? Uingereza nako shirika la BBC lilifuta mamia ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970, mpaka lilipoweka utaratibu wa kudumu wa kuhifadhi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Pigo la mwisho kwa michezo midogo lilikuwa la biashara. Mwezi wa Septemba 1983 Wheel of Fortune, mchezo uliobuniwa na Merv Griffin, ulipata toleo la jioni la kuuzwa kwa vituo; na mwezi wa Septemba 1984 ukafuatwa na Jeopardy! mpya ya Alex Trebek. Viwili hivyo viliuzwa pamoja na kampuni moja, King World, na kwa kuwa setilaiti sasa ilikuwapo, kituo cha kila mji kiliweza kuvipata siku moja. Ndani ya miaka michache nusu saa ile ya jioni ikawa ya wakubwa wawili. Michezo mingine ilikufa, na kwa kuwa ilikufa bila warithi, hapana aliyelilia kanda zake.

Baadaye majuto yalikuja, kama kawaida ya majuto. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 iliagiza Maktaba ya Bunge ianzishe hazina ya televisheni na redio. Mwaka 1997 Maktaba hiyo ilitoa ripoti ndefu juu ya hali ya kanda za nchi nzima, na ripoti ikaonyesha wazi jinsi urithi mkubwa ulivyokwisha kupotea na jinsi vituo vya mahali vilivyokuwa taabani kuliko vingine.

Hata hivyo, pana habari za faraja nazo zina maana kwetu. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba vipindi vya zamani vya Hollywood Squares vimeteketea vyote, mpaka mwaka 2002 ilipotangazwa kuwa kanda nyingi zimeonekana na vikaanza kuonyeshwa tena. Na mwezi wa Oktoba 2013 BBC ilitangaza kwamba vipindi 9 vya hadithi yake mashuhuri ya Doctor Who, vya miaka ya 1967 na 1968, vilivyofutwa London, vimeokotwa Afrika. Nakala za filamu zilikuwa zimewekwa katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, zimejaa vumbi, zimesahauliwa, lakini zima. Kile ambacho makao makuu yalikitupa, kituo cha pembeni kilikihifadhi. Ole wao wanaodhani kwamba historia hukaa mijini mikuu tu!

TUJITAZAME WENYEWE

Sasa tuje nyumbani. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika uongozi wa Mzee Aboud Jumbe, na ilikuwa televisheni ya rangi wakati ambapo nchi nyingi za bara letu ama hazikuwa na televisheni kabisa, ama zilitazama picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyake vya mwanzo. Tumelisema hili mara nyingi kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini fahari ina deni lake. Aliyetangulia kurikodi ndiye mwenye kanda kongwe zaidi, na mwenye kanda kongwe ndiye aliye karibu zaidi na hasara.

Ukanda wa sumaku si jiwe. Picha hushikiliwa na chembe ndogo mno zilizogandishwa juu ya utepe kwa gundi, na gundi hiyo hunywa unyevu wa hewa. Ikishalowa huwa ya kunata. Ukanda ukiwekwa katika mashine hukwama, hulia, na huacha uhai wake juu ya kichwa cha mashine. Mafundi wanajua dawa ya muda, nayo ni kuukausha ukanda kwa joto la kiasi ili uweze kunakiliwa, lakini dawa hiyo yahitaji ujuzi na subira. Nani asiyejua unyevu wa visiwa vyetu, hasa wakati wa masika, ambapo hata nguo za kabatini huota ukungu? Pamoja na hayo, mashine za kuchezea kanda za zamani hazitengenezwi tena. Ndiyo maana mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya watunza sauti na picha, ilizindua mradi wa kuzionya nchi zote kwamba muda wa kunakili kanda za sumaku unakwisha, na mwaka 2025 ukatajwa kuwa ndio ukingo. Ukingo huo umekwisha kufika.

Ni nini kilichomo katika kanda za namna hii? Si hotuba na gwaride pekee, ingawa navyo vina thamani yake. Mna mashindano ya chemsha bongo ya wanafunzi wa skuli, ambao leo ni madaktari, walimu, mahakimu na wazee wa mitaa. Mna michezo ya kuigiza iliyochezwa kwa lafudhi ya shamba na ya mjini, maneno ambayo vijana wetu hawayasikii tena. Mna taarabu, mna ngoma, mna mvuvi anayeeleza majina ya samaki na ya pepo. Katika hotuba tunamsikia kiongozi akizungumza na wananchi. Katika mchezo wa chemsha bongo tunamsikia mwananchi mwenyewe, akitaja jina lake na anakotoka, akikosea, akicheka na kusahihishwa. Hilo ndilo walilolipoteza Wamarekani walipofuta michezo yao, wala halinunuliki.

Tuna mfano wetu wenyewe wa namna kumbukumbu inavyookoka. Bi Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Sauti ile tunaisikia hadi leo, si kwa sababu palikuwa na sheria ya kuihifadhi, bali kwa sababu santuri ziliuzwa, zikaingia majumbani, zikawa nyingi na zikatawanyika. Kitu chenye nakala mia hakifi kwa ajali moja. Ukanda wa televisheni, kwa bahati mbaya, aghalabu huwa na nakala moja tu.

YANAYOFAA KUTENDWA

Kwa heshima zote tunapenda kuweka mapendekezo yetu mbele ya wanaohusika. Hatulengi kumlaumu mtu, kwani watumishi wa utangazaji wa visiwa hivi, tangu siku za Sauti ya Unguja hadi Shirika la Utangazaji la Zanzibar la leo, wamefanya kazi kubwa kwa zana chache.

Kwanza, pawe na daftari. Kabla ya kununua mashine yoyote, kila ukanda uliopo, wa redio na wa televisheni, uandikwe: aina yake, tarehe, waliomo, na hali yake. Kazi hii haihitaji mamilioni. Yahitaji vijana wachache waliosoma, kalamu, kompyuta na wazee wastaafu wa utangazaji watakaotambua sura na sauti. Wazee hao hawatatungoja milele, na kila anayezikwa huondoka na majina ambayo hayakuandikwa popote.

Pili, pawe na amri ya maandishi kwamba hapana ukanda wala faili la picha litakalofutwa bila ya kibali cha mtu aliyetajwa kwa cheo chake. Wamarekani hawakupoteza urithi wao kwa uamuzi mmoja mkubwa. Waliupoteza kwa maamuzi madogo elfu, ya makarani ambao hapana aliyewauliza. Na tusidanganyike kwamba zama za kompyuta zimeondoa hatari hii. Faili hufutwa kwa kidole kimoja, na wepesi huo huzidisha haja ya amri.

Tatu, pawe na nakala mbili, mahali pawili. Tuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambako maandishi ya karne zilizopita yametunzwa. Sauti na picha nazo zistahiki heshima hiyo hiyo. Nakala ya pili na iwekwe Pemba. Bahari iliyo baina ya visiwa viwili, ambayo mara nyingi tunaiona kuwa kikwazo, hapa ni ulinzi: moto wa upande mmoja hauvuki mkondo.

Nne, wananchi waitwe. Katika majumba mengi mna kanda za VHS walizorikodi watu kutoka televisheni, pamoja na kanda za harusi na za taarabu. Kituo kikitangaza kwamba kitazipokea, kuzinakili na kuzirejesha kwa mwenyewe pamoja na nakala mpya, tunaamini watu watajitokeza. Kilichookotwa Jos chaweza kuokotwa Wete, Makunduchi au Mkoani. Chaweza pia kuokotwa Maskat na London, waliko ndugu zetu waliosafiri na kanda kama wengine walivyosafiri na mkeka.

Tano, na hili ni kwa watunga sheria: kila tunapoagiza kwamba vituo vionyeshe vipindi vya nyumbani kwa kiasi fulani, tuulize katika kikao hicho hicho fedha za kuvitengeneza zitatoka wapi. Amri bila fungu huzaa bidhaa rahisi. Hilo Marekani imelijaribu kwa robo karne, nasi hatuna haja ya kulirudia ili tulithibitishe.

Wala haikuwa lazima mambo yaende vile. Katika mji wa Washington, mwaka 1961, palianzishwa mchezo wa chemsha bongo wa skuli za sekondari ulioitwa It's Academic. Hauna volkano ya noti wala magari ya zawadi. Timu za wanafunzi hukaa mbele ya meza, huulizwa maswali ya masomo, na wenzao huwashangilia. Mac McGarry aliusimamia kwa takriban miaka hamsini. Ilhali michezo yenye fedha nyingi imesahauliwa, huo umetambuliwa kuwa mchezo wa chemsha bongo uliodumu kuliko yote katika televisheni, na wazazi walioshindana humo wamewaona watoto wao wakishindana. Uliishi kwa sababu ulikuwa wa watu wa mahali pale, nao waliuona kuwa wao. Mashindano ya namna hiyo baina ya skuli za Unguja na Pemba, yakifanywa kila mwaka, yakiandikwa na kuhifadhiwa, yangegharimu kidogo na kuacha mengi.

Tarehe 27 Oktoba ya kila mwaka ni siku ya dunia ya urithi wa sauti na picha. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kukumbuka azimio la UNESCO la mwaka 1980, lililozitaka nchi zote zilinde picha zao zitembeazo. Tungependa kuona kwamba siku hiyo ikifika hapa petu haitaadhimishwa kwa hotuba na chai pekee, bali kwa kufunguliwa daftari mbele ya wananchi, lenye kuonyesha ni kanda ngapi zilizopo, ngapi zimenakiliwa na ngapi zinangoja. Mwaka wa pili lifunguliwe tena, na hesabu zilinganishwe.

Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini wazee hawakuuona ukanda wa sumaku. Akiba hii huoza isipogeuzwa, kama karafuu mbichi inavyooza isipoanikwa. Jua lingalipo, tuanike.